Shujaa Aliyening'inia Jikoni

Sogeeni. Mwenye kusinzia asinzie sasa, maana mwishoni nitauliza swali, na sitaki majibu ya usingizini.

Mzee Hiza wa Korogwe alikuwa na watoto watatu, kila mmoja na kipaji chake. Zaituni hasahau kitu alichowahi kukiona. Sefu ana mkono mwepesi ajabu. Kidawa, kitindamimba, huigiza sauti ya mtu hadi mwenyewe akaitika.

Mzee alikuwa pia na sanduku la bati lililojaa vitabu vya katuni vya ujana wake, vyote vya Jabali Radi, shujaa aliyeruka angani na mgolole wake akiwakomesha majambazi. Kilikosekana cha mwisho tu. Kile cha kabla yake kilimwacha Jabali akining'inia chini ya daraja la reli, kamba imebaki uzi mmoja. Cha mwisho Mzee alikinunua wiki ya harusi yake, kikapotea kabla hajakifungua. Alimshuku kila rafiki aliyekuja kula pilau.

Sasa macho yalikuwa yameingia ukungu, na daktari amempangia kupasuliwa. Mzee aliogopa, wala hakuficha.

"Nikitoka huko sioni, nitakufa sijui kama ile kamba ilikatika," aliwaambia wanawe. "Atakayenionyesha mwisho wake, sanduku zima ni lake. Na haligawanywi. Hadithi si mkate."

Zaituni akafumba macho. Alikumbuka alivyougua surua utotoni, mama yake akamlaza jikoni penye joto. Ukutani zilibandikwa karatasi kwa uji wa ngano kuzuia vumbi la udongo, na katika karatasi mojawapo alikuwapo mtu wa mgolole.

"Baba, kiko jikoni!"

Jikoni kwake mwenyewe! Tangu aoe, Mzee Hiza hajawahi kuvuka kizingiti kile. Kwao mwanamume akionekana jikoni huambiwa anafunua vyungu. Safari hii akaingia, ameshikwa mkono.

Ukuta ulikuwa mweusi tii kwa masizi. Sefu akakanda donge la unga, akawa analigandamiza polepole na kuliinua, masizi yakashika unga na karatasi ikabaki. Mwenye pupa angeibandua hadithi nzima. Daraja likatokea, kisha garimoshi, kisha Jabali. Lakini maneno yalikuwa yameliwa na mende walioufuata uji.

Mzee akasogeza pua hadi ukutani. "Naona mdomo umefunguka. Anasema nini?"

Kidawa alisomewa vitabu vile pajani mwa baba yake, akajua kila mmoja anavyosema. Akatazama picha, akakoroma kama jambazi, akavuma kama garimoshi, kisha kwa sauti nzito akanguruma: "Kamba imekatika, lakini Jabali hakatiki!" Na kweli, katika picha ya mwisho Jabali alikuwa ameketi juu ya behewa, mzima wa afya.

"Alhamdulillahi, hakufa!" Mzee alicheka mpaka machozi yakamtoka. Mzigo wa miaka yote ulimshuka. Hospitali alikwenda akipiga mluzi, na akarudi anaona.

Ndipo ugomvi ukaanza.

"Bila mimi mngetafuta wapi?" akauliza Zaituni.

"Dada, wewe ulikumbuka masizi," akasema Sefu.

"Na wewe kaka ulimwonyesha mabubu," akadakia Kidawa.

Mama yao, Bi Mwantumu, akachungulia kutoka jikoni. "Mnagombania nini? Aliyekibandika ni mimi. Nilikuwa bibi harusi mgeni, nikadhani ni gazeti kuukuu. Nilipoona baba yenu anavyokililia, nikaogopa kusema. Lakini kisingekuwa ukutani, si kingefungiwa karanga?" Akamtazama mumewe. "Nawe Baba Zaituni, ungeingia hata siku moja kunikunia nazi, ungekisoma zamani!"

Mzee Hiza akaingia jikoni. Akavuta mbuzi, akaketi, akaanza kukuna nazi apate kufikiri. Mpaka leo anakuna.

Basi msaidieni, nazi zinamwishia. Sanduku ni la aliyekumbuka, la aliyesafisha, la aliyewapa mabubu ulimi, au la aliyekosea mwanzo? Wewe ungempa nani ufunguo?