Kamba Mbili Msibani

Hapo zamani, lakini si zamani sana, maana vipaza sauti vilikwisha kufika milimani kwetu, aliugua mzee mmoja mpagani, kichwa kigumu, jina lake Nyagawa. Alikuwa na ng'ombe mmoja wa maziwa. Maziwa hayo ndiyo yaliyolea watoto wa Yusta, mjane wa mwanawe.

Alipoona ugonjwa hauondoki, mzee akatangaza mbele ya wazee wenzake: "Nikifa Mkristo, ng'ombe wangu apewe aliyenifikisha kwa Mungu. Nikifa mpagani, mchinjeni mle."

Hee! Mwaka mzima Nyagawa alikuwa ameugua bila mgeni. Sasa roho yake ikapata wenyewe.

Akaja mwinjilisti Mtewele. Akafunga kipaza sauti mtini, mdomo ukielekea dirisha la mgonjwa. "Nyagawa! Moto unakusubiri!"

"Ulete," mzee akajibu kutoka kitandani. "Nasikia baridi."

Mtewele hakuingia ndani hata mara moja. Alisema chumba kinanuka. Lakini alimhubiri Yesu asubuhi na jioni, na mzee, asiyeweza kuinuka kufunga dirisha, akasikia yote.

Akaja Mama Tumwagile wa umoja wa wanawake, na kwaya yake. Wakaimba, wakala, wakaimba. Yusta akapika, akaosha vyombo, akapika.

"Yusta mwanangu, chai imekwisha? Kazi ya Bwana inakausha koo."

Wakiondoka walipitia zizini, wakampapasa ng'ombe kiwele. Lakini kwa wimbo wao mmoja mzee alilia, yeye ambaye hakulia hata alipomzika mwanawe.

Yusta hakuhubiri. Alimgeuza, alimsafisha, alimlisha uji, alimgombeza. "Baba, meza! Sina siku nzima."

"Na wewe unamwamini huyo Yesu wao?"

"Namwamini, baba. Inua mguu."

Siku ya kufa ilipofika, mvua ilinyesha. Mtewele alikuwa kwenye mkutano wa injili kijiji cha pili. Tumwagile alikuwa kwenye kikao cha harusi. Mzee akamwambia Yusta, "Nibatize."

"Baba, mimi si mchungaji."

"Maji unayo."

Alikuwa nayo, kwenye beseni la kumwogeshea. Akamnawisha kichwa kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Mzee akaimba kidogo puani ule wimbo uliomliza, akamwita Yesu, akakata roho.

Kesho yake msibani Mtewele alikuja na kamba ndani ya mkoba wa Biblia. Tumwagile alikuja na kamba chini ya kanga. Kaburi halijafukiwa vizuri, wakaanza.

"Asingesikia, angeamini nini?" akasema Mtewele. "Nani alimtajia Yesu? Huyu wa beseni?"

"Alikusikia akakudhihaki!" akasema Tumwagile. "Moyo wake umelainishwa na wimbo wangu."

"Ulicholainisha ni mihogo ya Yusta."

"Bora mimi niliyeingia ndani. Wewe ulimwogopa maiti kabla hajafa!"

Wazee wakamgeukia Yusta. "Na wewe?"

"Ng'ombe huyo ananyonyesha wanangu."

"Hatukuulizi habari za wanao. Ulimbatiza kwa imani?"

Angeweza kudanganya, ila alikuwa amechoka mno. "Nilimbatiza ili atulie, nami nilale. Siku ile niliamini usingizi tu."

Watu wakaguna. Mtewele akaanza kukunjua kamba yake. Tumwagile naye akakunjua yake.

Basi, nyinyi mliokaa hapo mkitikisa vichwa, amueni. Mmoja alileta neno, pua ameziba. Mwingine alileta machozi ya mzee, macho yake mwenyewe yako zizini. Wa tatu alileta maji, akisinzia. Wazee bado wanakuna ndevu. Ng'ombe analia, kiwele kimejaa. Wenye kamba hawajui kukamua, na Yusta amekatazwa kumgusa hadi hukumu itoke. Semeni upesi, watoto hawajanywa kitu: je, ni nani aliyemfikisha Nyagawa kwa Mungu?