Mkono wa Shangazi Mwanjaa

Apeni kwanza. Kila mmoja ashike sikio lake aseme: nikilitoa nje jambo hili, ulimi wangu uvimbe. Mmeapa? Vizuri. Mie nami niliapa hivyo hivyo mbele ya Mwantumu mwenyewe, na tazameni, nimeshaanza kusema.

Palikuwa na marafiki watatu, kila mtu na kipaji chake. Mwantumu, fundi cherehani, alikuwa na jicho. Akikutazama mara moja anajua kiuno chako, na anajua umemdanganya kiasi gani kuhusu hicho kiuno. Riziki alikuwa na ulimi; angeweza kumtukana mtu mpaka mtu huyo aache wali wake wa moto amkimbize. Semboja alikuwa na sikio, na subira ya kulitumia. Mama mkwe wake alisema mchana kutwa, naye akamjibu kesho yake.

Kila Ijumaa mchana, wateja wakiwa wamejilalia, walipigana vita kwenye meza ya kukatia nguo. Mchezo huo Riziki aliuleta kutoka chuoni. Wanatandika kitambaa cheusi, wanachora kuta kwa chaki, kisha kila mtu anaweka kifungo chake, na hicho ndicho askari wake. Zamu yako ikifika, unasema askari wako anafanya nini, unarusha dadu. Namba ikiwa kubwa, ulilosema limetendeka. Ikiwa ndogo, umeumia. Ukitaka, zamu unaiweka akiba, uitumie baadaye.

Siku hiyo Mwantumu alikuwa ameinamia kitambaa, anatafuta pa kumficha askari wake, mara mlangoni sauti ikaita.

"Hodi!"

Hakuinua hata kichwa; sauti ya shangazi yake aliijua. Nani asiyeijibu hodi? "Karibu, Shangazi," akasema. "Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

Shangazi Mwanjaa akaingia, akavuta kigoda, akaketi nao mezani. Hapo ndipo Mwantumu alipokumbuka. Sanda ya Shangazi aliikata yeye, kwa mkasi ule, juu ya meza ile ile, mwaka juzi.

Jua lilikuwa kali dirishani. Watu mezani walikuwa wanne, na ukutani palikuwa na vivuli vitatu.

"Leo adui wenu ni mimi," akasema yule mgeni, akachukua dadu moja. "Nikishinda, naondoka na Mwantumu. Si ndiye aliyenikaribisha? Basi atanisindikiza."

Riziki alitaka kukimbia. Mlango ulikuwa wazi, hata muuza vitumbua anaonekana kule barabarani, lakini miguu ilikuwa kama imeshonewa sakafuni. Mgeni akainama, akafungua kinywa, akatema meno juu ya kitambaa. Yote thelathini na mawili. Na Shangazi tunayemjua sie alikufa na manne! Yakajipanga yenyewe, yakauzunguka mkono wake.

Zamu ya Mwantumu ikafika. Jicho halikumtupa. Kati ya kuta mbili za chaki aliona upenyo wa kupita kifungo kimoja tu. "Askari wetu wote wanarudi nyuma ya upenyo," akasema, akarusha. Tano. Nusu ya meno yakabaki kuulinda mkono; nusu yakaja kwa kishindo, yakakwama. Likapita moja, wakalivunja. Likapita la pili, wakalivunja. Kila lilipovunjika jino, Mwantumu alihisi uchungu kwenye ufizi wake mwenyewe. Lakini mgeni naye alikuwa akirusha: sita, na yaliyovunjika yanaota upya. Sita tena. Sita tena.

Zamu ya Riziki ikafika. "Mie sipigi," akasema. "Askari wangu anatoka nje anayatukana."

"Una wazimu?" Mwantumu akamnong'oneza.

"Nyie meno! Miaka yote mdomoni mwa Shangazi, mlichotafuna ni majina ya watu tu! Njooni mtafune mtu, kama mnajua!"

Nne. Dadu ikakubali. Meno yote yakageuka yakamfukuza mpaka pembe ya mbali ya kitambaa, yakauacha mkono wa mgeni peke yake. Huko pembeni kifungo cha Riziki kikatafunwa kikawa unga, na Riziki mwenyewe akajishika ubavu. Shati lilikuwa limelowa damu.

Na Semboja? Tangu mwanzo, zamu yake ikifika alisema neno moja: "Naiweka." Mwantumu alimlaani moyoni, akamwita mwoga. Kumbe mwenzenu alikuwa anasikiliza. Dadu zao zikianguka zinasema tak. Ya mgeni haisemi kitu. Mgeni akainua mkono arushe mara ya mwisho.

"Zile zamu nilizoweka nazitaka sasa," akasema Semboja. "Namshika mkono."

Tak. Sita. Na mkono wake wa kweli ukaruka ukaudaka ule wa mgeni, ukaubana mezani.

Mwantumu akapiga ukelele. Wakaja wote: muuza vitumbua, mama wa bi harusi aliyefuata gauni la mwanawe, na wambea wa mtaa, msiniulize nani na nani. Wote wakaona. Kiganja hakina mstari hata mmoja, na kidole cha sita kimeibana dadu, kinaigeuza taratibu, sita ikae juu. Dadu ile haikuwahi kurushwa hata mara moja.

"Mmenikamata," mgeni akasema kwa ufizi mtupu. "Haya. Aliyenishinda, sitapiga hodi kwake tena, wala kwa watoto wake. Wawili wanaobaki nitawarudia, kwa sauti wasiyoitegemea. Nitajieni jina moja. Moja tu."

"Ni mimi!" Mwantumu akalia. "Bila ule upenyo mngeliwa wote zamu ya kwanza. Tena aliyekuwa achukuliwe ni mimi!"

"Wewe si ndiye uliyemkaribisha?" akasema mama wa bi harusi.

"Na wewe hodi ya shangazi yako ungeinyamazia?"

"Mkono mngeufikiaje meno yakiulinda?" Riziki akauliza, kiganja ubavuni. "Mie nimetafunwa, jamani. Tazameni!"

"Mngepiga meno mpaka kiama," akasema Semboja, "na mwizi yuko mezani penu. Nani alimsikia?"

Walibishana hivyo, na baridi ilikuwa imempanda Semboja kutoka kwenye kile kiganja hadi begani. Vidole vyake vikaanza kulegea, kimoja, kisha kingine, na mgeni anatabasamu, anangoja jina.

Haya, nyie mliokaa hapo, semeni upesi kabla Semboja hajamwachia: jina ni la nani?