Amri ya Kuzipokea Barua za Bwana Khelef

Palikuwa na tajiri mmoja, muuza udi na marashi, jina lake Bwana Khelef, aliyetaka mji mzima usome barua pepe zake, watu watake wasitake. Sultani alikuwa amewaletea raia wake mtandao, na kila mtu akawa na sanduku lake la barua ndani ya simu. Khelef akaona hapo ndipo. Alfajiri barua: udi umefika. Adhuhuri barua: udi umeshuka bei. Hujameza tonge la usiku, nyingine: mbona hununui udi? Hakumuuliza mtu kama anataka. Aliyemjibu "niondoe" ndiye aliyeongezewa.

Bi Mize, muuza mikate ya ufuta, alivumilia mpaka oda ya maulidi ilipofukiwa chini ya rundo la marashi, asiione, wateja wakaenda kwa jirani. Alilia kwa hasira. Kisha akabonyeza palipoandikwa "zuia mtumaji huyu". Kimya! Raha iliyoje! Na kwa kuwa mdomo wake hauna kufuli, akawafundisha na wenzake sokoni.

Khelef kusikia, mbio barazani, kilemba upande. Sultani, ambaye hajapata kununua marashi tangu azaliwe maana huletewa bure na Khelef, akamwandikia amri papo hapo: aliyemzuia Bwana Khelef ahame mji kabla ya Ijumaa, awe nani awe nani, hakuna msamaha.

Bi Mize akaitwa wa kwanza. Aliiwaza nyumba aliyoachiwa na mama yake, hofu ikamwingia. Ulimi haukutetemeka.

"Wewe ndiye uliyemfungia mlango bwana huyu?" Sultani akauliza.

"Ndimi, Maulana."

"Huoni ni utovu wa adabu?"

"Maulana, kwetu mtu hupiga hodi. Asipoitikiwa mara ya tatu, huenda zake. Huyu hapigi hodi. Anaingia, anakaa kitandani, halafu anaita ndugu zake."

Baraza likaguna.

"Mimi ni mtu mwenye jina!" Khelef akafoka.

"Jina unalo, bwana. Ndilo tunalolizuia."

"Barua zangu zina manufaa!"

"Hata dawa ina manufaa, lakini hanyweshwi mtu aliyelala."

"Maulana, unausikia ulimi huo?"

"Nausikia," Sultani akasema, akificha tabasamu kwa leso. "Bi Mize, una neno kabla hujahama?"

"Swali tu kwa Bwana Khelef. Ulipomwoza binti yako juzi, watu walikuja?"

Khelef akanywea. "Hawakuja. Pilau imeliwa na paka. Na mji mzima niliualika!"

"Uliualika vipi?"

"Kwa barua pepe."

Bi Mize alimwonea huruma kweli, akamfikiria yule bibi harusi mbele ya mikeka mitupu. "Ndiyo hayo, bwana. Ungeuliza kwanza nani anataka habari za udi, na anayekataa ukamwacha, siku ya harusi jina lako lingefunguliwa kwa furaha. Sasa watu wakiliona tu, wanajua ni kelele."

"Ngoja kwanza!" Sultani akadakia, uso umemwiva. "Harusi ya binti Khelef, na mimi nisialikwe?"

"Haki ya Mungu, Maulana, mwaliko wako ndio niliotangulia kuutuma!"

"Uongo mtupu! Wewe mimi nilishakuzui..."

Akauma ulimi. Waziri akatazama dari.

Bi Mize akainama kwa heshima zote.

"Mimi sina shida, Maulana, mizigo yangu ni sinia na mkeka. Wewe mwenye jumba zima na wake wanne, afadhali waanze kukufungia mizigo leo hii, maana Ijumaa ni keshokutwa."