Kibuyu cha Vumbi la Ng'ambo

Paukwa!

Pakawa!

Nyie wa pale nyuma mmeitikia kama wenye njaa. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa tunaweza kwenda. Hapo zamani za kale, zamani ambazo wanyama walikuwa na vyuo na watu hawakuwa navyo, palikuwa na jabali. Jabali kubwa, katikati ya mbuga. Juu yake waliishi pimbi. Pimbi wengi, pimbi wanene, pimbi wa kuota jua asubuhi mpaka jioni.

Na juu kabisa, kileleni, alikaa pimbi mmoja tu. Huyo alikuwa mlinzi. Wenzake wakila, yeye anatazama angani. Wenzake wakisinzia, yeye anatazama angani. Akiona nukta nyeusi mawinguni hulia, kwii! kwii! Pimbi wote huingia pangoni, purukushani, mkubwa kwa mdogo. Tai akifika, vuuu, anakuta mawe matupu.

Mlinzi huyo alikuwa na binti, na binti alikuwa mdadisi kupita kiasi. Kwa nini mawe hubaki na joto jua likishazama? Kwa nini swala hana meno ya mbele ya juu? Wakubwa wakimfokea anasema, "Nauliza tu." Basi jina likawa hilo hilo. Nauliza.

Sasa sikilizeni vizuri. Chini ya jabali palikuwa na kichaka cha minyaa. Mnaujua mnyaa? Ule mti wa vijiti vya kijani, ukiuvunja unatoa maziwa meupe. Maziwa yale si ya chai, watoto, msiyaguse. Nyasi tamu zilikuwa nyuma ya kichaka, na kila asubuhi pimbi walipenya humo humo. Utomvu ukiwaingia machoni walifanya walivyofanya babu zao: walichuma majani makavu wakasugua. Sugua, sugua, sugua. Mama yake Nauliza alisugua kuliko wote, maana alikuwa na haraka ya kurudi kazini.

Jicho la kushoto likaanza kufanya ukungu. Kisha la kulia. Siku moja Tai akaja, na kwii ikachelewa. Tai aliondoka na manyoya ya mgongo wa mtoto mmoja. Manyoya tu, tumshukuru Mungu. Lakini Nauliza alikuwa kileleni siku hiyo, na aliona jambo ambalo wengine hawakuliona. Mama yake alikuwa ameelekeza uso kule kule alikotokea Tai. Alikuwa anatazama, na hakuona kitu. Nauliza akashuka mbio, akawaeleza wakubwa.

Ukoo ukakaa kikao. Wakakubaliana kwamba mtoto mmoja lazima akasome, arudi na dawa ya macho. Nani? Nauliza. Wapi? Hapo hapakuwa na mjadala. Akasome Ng'ambo.

Vyuo vilikuwa viwili, jamani. Kimoja kilikuwa pale pale mbugani, kwenye kichuguu, na mwalimu wake alikuwa Bi Nungunungu. Kingine kilikuwa Ng'ambo, nyuma ya Mlima Mweupe. Huko mtu aliandamana na nyumbu wakihama, mara moja tu kwa mwaka.

Na pale jabalini walikuwa na desturi yao. Aliyerudi kutoka Ng'ambo alisimamishwa mbele ya ukoo, miguu yake ikakung'utwa, pu! pu! pu! Vumbi likakingwa kwenye kibuyu. Kibuyu kikijaa, ngoma inalia mpaka asubuhi na msomi anakalishwa mahali penye jua zuri. Ndivyo walivyoipima elimu. Aliyesoma kichuguuni miguu yake haikuwa na vumbi la kukung'utwa. Alisalimiwa, kisha akapewa ukoko.

Mnacheka? Chekeni. Wengine wenu mnavyo vibuyu vyenu nyumbani.

Nyumbu walikuwa wameanza kukusanyika. Pimbi wakamfungia Nauliza masurufu ya njiani. Yeye akawa anauliza. Alimuuliza mjomba wake huko Ng'ambo wanafundisha nini. Mjomba akasema kwamba ni mbali sana. Akawauliza shangazi zake. Nao wakasema ni mbali, tena kuna baridi. Akamuuliza mama yake kama huko kuna mnyaa. Mama akamwambia mwenda bure si mkaa bure, akalale.

Hakulala. Kulipokucha alikwenda kwa Ngiri.

Ngiri huyu ndiye aliyekuwa msomi mkubwa wa mbuga ile. Kibuyu chake kilijaa mpaka kikamwagika. Alitembea mkia juu, twi! Hata akienda kunywa maji, mkia juu. Pimbi, ambao mkia hawanao kabisa, walimheshimu mno.

"Shikamoo, Daktari," Nauliza akasema.

"Marahaba. Umekuja kuaga?"

"Nimekuja kuuliza. Ulisomea nini kule?"

Ngiri akaeleza kwamba barabara ilikuwa ndefu. Nauliza akasema hilo amelisikia, yeye anauliza masomo. Ngiri akaeleza kwamba vumbi lilikuwa jingi. Nauliza akasema hata hilo kibuyu kinalisema. Ngiri akakohoa. Akatazama kulia, akatazama kushoto. Mkia ukashuka kidogo.

"Nilisomea ugonjwa wa theluji," akasema. "Kule baridi inaunguza ngozi kama moto. Masikio yanakuwa meusi, yanakatika. Mimi naujua ugonjwa ule mwanzo mpaka mwisho."

"Na hapa umewatibu wangapi?"

Ngiri akageuka kuutazama Mlima Mweupe. Pale mbugani theluji ilionekana kwa mbali tu, kwenye kilele cha mlima. Hakuna sikio lililowahi kukatika.

Binti mwingine angecheka. Huyu hakucheka, maana alitaka kujua. Akamuuliza ngozi iliyoungua namna hiyo hutibiwaje. Ngiri akaanza taratibu, kisha akachangamka, kisha akawa hashikiki. Akasema jambo la kwanza ni kutoisugua. Ukiisugua, imekufa. Unaiosha kwa maji safi, unaifunika, unaiacha ipumzike. Alieleza mpaka jua likawa utosini.

"Na mnyaa unaota kule?" Nauliza akauliza.

"Hauoti. Hawajawahi kuuona." Kisha Ngiri akasema polepole, "Niliporudi walinikung'uta miguu. Hakuna aliyeniuliza nilichojifunza."

Nauliza akaaga. Akaenda kichuguuni. Bi Nungunungu alikuwa anachimba mizizi, chakacha, chakacha, miiba inalia mgongoni. Nauliza akamuuliza kama pale kuna dawa ya macho. Bi Nungunungu hakuwa na maneno ya kupamba. Akasema haipo. Chuo chake kiliujua mnyaa kuanzia mzizi hadi ncha, lini utomvu ni mkali na lini umelala. Jicho lenyewe walikuwa hawajalifikia. Wanafunzi walikuwa wawili, na mmoja wao alikuwa anasinzia.

"Nikija hapa nitapata nini?" Nauliza akasema. "Nauliza tu."

"Utapata kinachomuumiza mama yako. Kumponya itabidi utafute mwenyewe."

Nauliza akarudi nyumbani akiwaza. Nyumbani hawalijui jicho. Ng'ambo hawaujui mnyaa. Aende wapi? Nanyi mngeenda wapi?

Asubuhi ya pili nyumbu wakaanza safari. Ardhi ikatetemeka, gudugudu, gudugudu. Vumbi likapanda mpaka mbinguni. Lo, vumbi zuri lile! Ukoo mzima ulisimama ukingoni mwa jabali na masurufu mkononi. Nauliza akasema haendi. Atasoma kichuguuni.

Mjomba akatupa masurufu chini. Shangazi zake wakageuza nyuso. Mama yake hakugomba, na afadhali angegomba. Kishindo cha nyumbu kilipopotea akasema, "Nilitaka nikione kibuyu chako kabla macho hayajafumba." Nauliza akalia. Alilia sana, na hakubadili neno.

Akasoma. Kila siku yuko kwenye minyaa na Bi Nungunungu. Akajifunza kwamba utomvu huwa mkali asubuhi, vijiti vikiwa vimejaa maji, na kwamba pimbi walipenya saa ile ile mbaya kuliko zote. Akajifunza kwamba majani makavu yaliusukuma utomvu ndani zaidi. Siku aliyoliona hilo kwa macho yake alikimbia bila kusimama mpaka kwa Ngiri, akamwambia, "Daktari, kuna ngozi imeungua. Iko ndani ya jicho. Tunaisugua kila siku."

Ngiri akasimama. Mkia juu, twi!

Wakafanya kazi pamoja, Ngiri, Bi Nungunungu na Nauliza. Walifungua njia nyingine ya kwendea nyasini, mbali na minyaa. Pimbi walinung'unika, wakaifuata. Mama akawekwa pangoni, kwenye giza, macho yakaoshwa kwa maji safi, yakafunikwa kwa majani mabichi. Kusugua marufuku. Siku zote hizo Nauliza alikaa kileleni badala ya mama yake, anatazama angani. Mwezi ukafa, mwingine ukaandama, nao ukafa. Na hakuna aliyejua kama dawa inafanya kazi, hata wao wenyewe hawakujua.

Siku ya Nauliza kumaliza chuo ikafika. Mjomba akaleta kibuyu. Alikileta kwa kejeli, nataka mjue hivyo. Akamsimamisha Nauliza mbele ya ukoo, akamkung'uta mguu. Pu. Hakuna kitu. Akamkung'uta wa pili. Pu. Hakuna kitu. Vicheko vikaanza pembeni. Nauliza akainamisha kichwa.

Ndipo mama akatoka pangoni. Ngiri alikuwa amemfungua macho asubuhi ile. Alisimama mlangoni akipepesa kwenye jua. Akatazama kule kwenye umati, akatazama sana, kisha akasema kwa uchungu,

"Mwanangu, mbona miguu yako haina hata chembe ya vumbi?"

Pimbi wakacheka. Kisha mmoja akaacha. Mwingine akaacha. Wote wakageuka kumtazama mama. Kutoka mlangoni mwa pango hadi pale aliposimama Nauliza palikuwa mbali, na mama alikuwa ameiona miguu yake.

Mama naye akaelewa. Machozi yakamtoka. Akainua uso juu ayazuie, na huko juu, mbali, mawinguni, akaona nukta nyeusi.

Kwii! Kwii!

Purukushani! Mkubwa kwa mdogo, wote ndani. Mjomba alikitupa kibuyu akakimbia. Kibuyu kikabiringika, kikagonga jiwe, pwaa, kikavunjika. Tai akafika, vuuu, akakuta mawe matupu na vigae.

Hawakutafuta kibuyu kingine. Mwaka uliofuata mtoto mwingine wa pimbi alikwenda Ng'ambo na nyumbu, na hakuna aliyemkataza. Alikwenda kuuliza habari za ule ukungu wa jichoni, maana jicho la kushoto la mama halikupona lote. Ukoo ulimuaga kwa swali moja: unakwenda kutafuta nini? Alipolijibu, ndipo wakampa masurufu.

Basi wadogo kwa wakubwa, shikeni hili. Chuo hakipimwi kwa umbali. Jua kwanza unachokitafuta, ndipo uulize kinafundishwa wapi. Kikiwa Ng'ambo, nenda. Kikiwa nyumbani, usione haya kubaki. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo.

Hadithi yangu imeishia hapo, juu ya jabali. Kibuyu kimevunjika, mlinzi yuko kileleni, nanyi mnaweza kulala.