Mchi wa Fisi na Njia ya Mkuyuni

Mnanichosha. Mahindi hayajapukuchuliwa, nyie mwataka ngano. Haya, kaeni. Na wewe Mwanaidi, toa kidole puani.

Ngano yabisha hodi!

Ipite, ikae, itwange!

Hapo kale, mkuyu ukiiva, ndege Kigogota aliwaelekeza wanyama njia kwa kugonga gogo lenye uwazi. Ti, pinda kulia. Du, pinda kushoto. Gogo huvuma, huvuma, mpaka agonge tena. Kijijini msikilizaji alitwanga kinu kwa mwendo uleule wa Kigogota. Mchi ukitua, anatega sikio. Mchi mmoja, mlio mmoja, kisha huwaongoza wenzake mkuyuni.

Kazi hiyo ilikuwa ya Pimbi, mnyama mdogo kama kikapu cha mayai. Fisi akamnyang'anya.

"Masikio yangu makubwa," akasema.

Basi Fisi akasikia peke yake, akaenda peke yake, akala peke yake. Watoto wa Pimbi wakalala na njaa. Kitinda mimba hakuwa na nguvu hata za kulia.

Siku moja Fisi kashika mchi. Pu... pu... pu... Pimbi akajisogeza.

"Shikamoo, mjomba. Pole kwa ugonjwa."

"Marahaba. Ugonjwa gani?"

"Si naona unatwanga kama mzazi wa jana? Na kuyu zinapukutika huko. Utakuta vikonyo."

Mate yakamtoka Fisi, churuchuru. Pu-pu! Pu-pu-pu!

Kigogota akaanza, taratibu zake: ti... du... ti. Njia panda tatu, milio mitatu. Lakini mlio wa kwanza ukivuma bado, mchi wa Fisi ulishatua mara mbili. Akashika ti, akashika ti ileile, akashika du. Tatu zimetimia! Akatupa mchi, mbio.

Kulia, kulia, kushoto, tumbukwi! Shimo la mtego.

Pimbi alikuwa akigonga mguu vumbini, polepole. Kulia, kushoto, kulia. Akachuma, akabeba, wanawe wakala mpaka wakabeua. Ndipo akaenda kuchungulia shimoni.

"Mpwa wangu, ita watu wanitoe! Nitalipa chochote!"

"Chochote, mjomba? Haya, ngoja nitafute kamba. Sina haraka."

Mwataka funzo? Anayesema haraka haina baraka ni mwongo. Haraka ya Fisi ilishibisha nyumba nzima. Basi fanyeni haraka, hasa mahindi yangu.

Ngano imeshaaga, kinu kifunikwe.

Na Fisi? Alirudisha mchi, kisha msimu mzima akamtwangia mke wa Pimbi mtama, huku yule kitinda mimba, shavu limejaa kuyu, akimgongea mwendo kwa mguu:

"Pu... pu... Polepole, babu. Umeanza tena."