Kila Tone la Mzee Mwakatobe

Kwa huruma zake, Mzee Mwakatobe alijenga banio mtoni, akageuzia maji yote mashambani kwake yasipate taabu ya kusafiri hadi kijijini. Huko chini watu wakabaki kuchimba mchanga wapate ya kunywa. Tusekile, mama mmoja wa huko chini, akamkabili mbele ya baraza la kijiji.

"Mzee wetu, sijaja kulalamika. Nauliza tu, haya maji ni ya nani?"

"Yanapita kwangu, ni yangu."

"Yote?"

"Kila tone, mama, mpaka yaingie baharini!"

Tusekile akampigia makofi, akawaomba wazee wa baraza wayatunze maneno hayo matamu. Wenzake wakaona amerogwa.

Masika ilipofika, mto ukafurika. Tusekile akarudi barazani, matope magotini.

"Mzee, maji yako yamelala kitandani kwangu, na mume wangu anataka kumjua mwenyewe. Tena yamemeza mbuzi wetu. Njoo uyachukue, na mbuzi utulipe."

Nyuma yake kijiji kizima kilikuwa kimepanga foleni, kila mtu na hasara yake.

Mwakatobe akalowa jasho. "Si yangu hayo! Mto hauna mwenyewe!"

"Wazee, mmesikia," alisema Tusekile. "Jamani, leteni majembe. Maji yakipungua tu, tukabomoe banio."