Fundi Cherehani na Kijana wa Mwavuli

Wapendwa, kabla sijafika kwenye somo la leo nina ugomvi kidogo na akina mama wa jumuiya. Sala ya Jumatano imekuwa saa moja jioni tangu enzi za mchungaji aliyenitangulia. Wiki hii nafika, nakuta mlango umefungwa, naambiwa siku hizi mnasali saa kumi na moja. Nikamwuliza mzee wa kanisa sababu. Akatazama viatu vyake. Nikamwuliza tena, akasema, "Mchungaji, saa moja kuna tamthilia."

Msicheke. Na akina baba ndio msicheke kabisa, maana naambiwa mnakaa kule nyuma na redio sikioni mkijifanya mnasikiliza mpira, na Marisela akianza kulia mnaanza kukohoa.

Mimi hiyo tamthilia siiangalii. Nasikia tu. Nasikia kuna binti anaitwa Marisela, kuna tajiri anaitwa Federiko mwenye gari jeupe na ahadi nyingi, halafu kuna kijana mmoja mpole, Benito, ambaye tangu sehemu ya kwanza kazi yake ni kumsindikiza Marisela na mwavuli. Mvua ikinyesha, mwavuli wote uko juu ya Marisela, na yeye Benito bega zima linalowa. Marisela haoni. Federiko akipiga honi mara moja tu, huyo, ameshakimbilia garini, na kijana wa watu amebaki barabarani na mwavuli wake. Sasa iko sehemu ya mia moja na kumi na mbili, na juzi Federiko alipomdanganya tena pale hospitalini... Basi. Nimesema nasikia tu. Mke wangu, usinitazame hivyo.

Sasa nisikilizeni.

Kulikuwa na mama mmoja, fundi cherehani, kwenye mji mdogo wa baridi kama huu wetu. Jina simtaji, na ninyi msianze kugeuka kutafutana. Mume wake alikuwa mpasua mbao, mtu wa maneno ya kuhesabu. Ukimsalimia ataitika, ukimwuliza habari atasema nzuri, na mazungumzo yameishia hapo. Jioni anarudi na vumbi la mbao mpaka kwenye kope, anaoga, anapewa chai, anakaa kimya na kikombe chake.

Mtaa ule uko chini ya kilima, televisheni nyingi hazikamati vizuri. Kwa fundi ndiko ile chaneli ilikokuwa inafika, kwa hiyo kila jioni akina mama wanne wa jirani walikuwa wanakuja na vigoda vyao na karanga zao. Na walikuwa hawaangalii kimya. Walikuwa wanagombana na televisheni! "Marisela, geuka nyuma, yuko nyuma yako!" "Wewe binti umerogwa?" Fundi ndiye alikuwa kinara wao. Alikuwa na uwezo wa kupinda pindo la sketi bila kutazama sindano, macho kwenye kioo, na machozi ya kumlilia Benito yakidondokea kwenye kitambaa cha mteja.

Jioni moja ya mwezi wa sita, ule mwezi wa upepo wetu mnaoujua, Benito amesimama mlangoni kwa Marisela, amevuta pumzi, anataka kusema lililoko moyoni. Akafungua mdomo. Picha ikakatika! Vipande vipande, halafu kioo cheusi. Wageni wakapiga kelele. Fundi akaona aibu, maana ni nyumbani kwake, akasema kwa sauti ya kusikika sebule nzima, "Ndiyo shida ya nyumba isiyo na mwanaume. Angekuwepo mwanaume hapa, antena ingesimama."

Wale mama walicheka. Mume alikuwa amekaa pale pale. Akaweka kikombe chini.

Tangu kesho yake picha ikatulia. Upepo uvume, manyunyu yapige, Marisela anaonekana mpaka hereni. Na fundi alimshukuru nani? Alikishukuru king'amuzi. Akakipangusa vumbi, akakitandikia kitambaa cha kufuma.

Lakini siku hiyo hiyo likaanza jambo jingine. Wimbo wa tamthilia ukianza tu, mume anasimama, anavaa koti, anatoka. Tamthilia ikiisha, wageni wakiwa wanabeba vigoda vyao, huyo anarudi. Leo hivyo, kesho hivyo, wiki ya kwanza ikapita, na ya pili, na ya tatu.

"Umetoka wapi?" fundi akamwuliza.

"Hapo nje tu."

"Hapo nje kuna nini?"

"Baridi."

Jamani, hilo ni jibu la kumpa mke? Fundi akaanza kuchunguza. Viatu vina tope. Mabega yamelowa. Na viganjani, kila jioni, michirizi ya kutu, mikono yote miwili. Akakaa akawaza: kutu inatoka wapi? Akakumbuka kwamba nyumba ya pili kutoka kwake alikuwa amehamia mwalimu mgeni, dada kijana, anacheka vizuri, anaishi peke yake. Na geti la mwalimu ni la chuma kuukuu, limeliwa na kutu kuanzia juu mpaka chini.

Alipowaambia wenzake, mmoja alitafuna karanga yake taratibu, akasema, "Wanaume wa kimya ndio hao, Fundi. Ulifikiri ni upole?"

Mnaona mwenzetu alipofikia? Sasa yeye ndiye Benito. Nani anaamka alfajiri kumwashia mume moto? Yeye. Nani anamfulia yale mashati ya vumbi la mbao? Yeye. Miaka kumi na saba ameshika mwavuli, na mtu anayemshikia anakimbilia kwa mwingine. Akawa akimwona Benito kwenye kioo analia kuliko zamani, maana sasa alikuwa anajililia mwenyewe. Na alimpenda mume wake, hilo ndilo lililokuwa linamuuma. Angekuwa hampendi angemfokea, yakaisha.

Akapiga simu kwa wasimamizi wao wa ndoa, wale waliosimama nao siku ya harusi. "Njooni Jumapili baada ya ibada," akawaambia. "Mimi nimechoka, narudi kwetu." Akaanza kuwarudishia wateja vitambaa vyao bila kuvishona. Fundi akirudisha kitambaa kizima, mjue ameshaondoka moyoni.

Ikafika Alhamisi ya sehemu kubwa. Wiki nzima walikuwa wanaitangaza: leo Marisela anapata barua, leo atajua ni nani aliyemlinda siku zote. Akina mama wakawahi, mmoja amekuja na chapati kabisa. Wimbo ukaanza. Mume akasimama, akavaa koti, akatoka.

Fundi alivumilia dakika kumi. Halafu akachomeka sindano kwenye kitambaa, akajifunga khanga, akasimama.

"Fundi, unakwenda wapi? Ndiyo anafungua barua!"

"Nakuja."

Akaenda moja kwa moja mpaka kwa mwalimu. Manyunyu yanadondoka, maneno ameshayapanga yote. Akafika kwenye geti lile la kutu, akachungulia. Mwalimu alikuwa barazani chini ya taa, amejifunika blanketi, anasahihisha madaftari, anaimba pambio letu la Jumapili, na anaimba vibaya. Peke yake. Geti limefungwa kwa mnyororo, na buibui ametanda juu ya mnyororo.

Akasimama pale kwenye baridi, hajui aende wapi. Ndipo akasikia mtu anakohoa. Kikohozi anakijua, miaka kumi na saba amelala nacho. Kinatokea nyuma ya nyumba yake mwenyewe.

Akazunguka.

Nyuma ya nyumba lilikuwepo bomba refu la chuma, ndilo lililobeba antena. Na mume wake alikuwa amelikumbatia. Mikono yote miwili, bega limeegemea, gunia kichwani kwa ajili ya manyunyu. Chini amepanga mawe, juu amefunga nyaya, lakini upepo wa kilima ulikuwa bado unalizungusha, na kila likitaka kuzunguka yeye anakaza.

Akamwona mkewe, akashtuka. "Mbona umetoka? Imekatika?"

Wapendwa, yale maneno yote aliyoyapanga njiani yalikuwa ya mwalimu.

"Umekuwa hapa siku zote?" akauliza.

"Nimeweka mawe, nimefunga nyaya, bado inageuka. Nikiishika inatulia."

"Kwa nini hukuniambia, baba?"

Mume akalikaza bomba. "Ulisema mbele ya watu," akasema. "Nikaona nisimame tu." Halafu akaongeza, na kwa mtu yule hiyo ilikuwa hotuba, "Na hapa niko chini ya dirisha. Ukicheka nasikia."

Fundi akaweka mikono yake juu ya ile ya mumewe. Chuma kilikuwa cha baridi, na mikono ilikuwa ya baridi kuliko chuma. Akalia, na mara hii hakuwa anamlilia mtu wa kwenye kioo.

"Iachie," akasema.

"Sasa hivi? Marisela amefika katikati ya barua! Ikikatika utasononeka wiki nzima."

"Baba watoto, iachie, twende ndani."

Akaachia. Bomba likajizungusha polepole, na mle ndani zikapasuka sauti za akina mama wanne kwa pamoja: "Fundiii! Imekatika! Fundi, rudi, imekatika!"

Na wale wawili kule nyuma, mmoja na gunia kichwani na mwingine na kamasi za kulia, wakaanza kucheka. Walicheka mpaka wageni wakatoka na chapati mkononi kuja kuona kuna nini. Yule wa karanga alipoliona bomba, akaona mawe, akaona viganja vya yule baba, akarudi ndani akamletea chai.

Jumapili wasimamizi wakafika. Baba msimamizi amekunja uso wa kesi, mama msimamizi ana leso tayari. Waliwakuta mume na mke nyuma ya nyumba wanachimba shimo, bomba limelazwa chini tangu Ijumaa. Baba msimamizi akapewa koleo akiwa na tai yake shingoni. Kesi yote wakaizika mle, wakaimwagia zege. Na kwa sababu bomba lilikuwa chini siku ya marudio, mpaka leo hakuna hata mmoja pale anayejua ile barua iliandikwa nini. Nao wanasema hawadai.

Sasa nina swali kwenu, na mnijibu kwa kunyoosha mikono. Nani hapa kanisani ni Benito? Nani anafanya wema nyumbani kwake, kazini kwake, na hakuna anayeona?

Naona. Naona mpaka kwaya. Hata shemasi. Haya, shusheni.

Nani ni Marisela?

Mikono yote iko mapajani! Kanisa limejaa akina Benito watupu. Basi hao wanaotuacha kwenye mvua wanasali wapi?

Tunamlilia yule kijana kwa machozi ya kweli kwa sababu kila mmoja wetu amejiona ni yeye. Fundi alijiona ni yeye, na wiki ile ile alikuwa amewaita watu waje wamhukumu mtu aliyekuwa anamshikia picha. Nisiwaseme ninyi tu. Mimi nasimama hapa kila Jumapili kwenye sakafu iliyopigwa deki, na wiki hii ndipo nilipouliza ni nani anayeipiga. Mama yule amekaa mstari wa mwisho, karibu na mlango. Miaka minne. Mama, nisamehe.

Na Mungu wetu tunamfanyia yale yale. Tumekaa kwenye joto, mtoto amepona, unga upo, pumzi inaingia na kutoka, na sisi tunaulizana yuko wapi siku hizi mbona haonekani. Haonekani, ndiyo. Lakini imekatika?

Habari ya sala ya Jumatano tutaimaliza na akina mama, na nina matumaini, maana Jumatano hii wameniambia watakuja na waume zao. Ninyi mnaporudi nyumbani leo, kabla hujawasha hiyo televisheni, zunguka nyuma ya nyumba kwanza. Ukimkuta mtu, mguse mikono. Ikiwa ya baridi, usimwulize alikuwa wapi. Mwambie aingie ndani.